Kompyuta ya sebuleni isiyovuma kwa hela ndogo: punguza joto kwanza, feni baadae

Msomaji kaniandikia: ana TV ya 4K na saundibaa, muvi zake ziko kwenye hadi diski ya nje ya TB 4, na kwa sasa kachomeka desktopu yake ya zamani kwenye TV. Inaplei, ila inavuma. Sehemu za muvi ambazo watu wananong'ona anasikia feni kuliko maneno, anapandisha sauti, alafu milipuko ikianza anakimbilia rimoti. Hela ni ya kubanabana. Washikaji wamemwambia anunue kadi ya grafiki ya gemu na mfumo wa kupoza kwa maji. Anauliza anunue nini, aanze na kipi, na kama kuna cha kuokoa kwenye ile desktopu.

Mkuu, nimekaa hapohapo ulipo kwa muda mrefu kwahiyo ntaandika kwa kirefu, maana kwenye hii kazi ukikosea kitu cha kwanza hela yote inayofuata inaenda kurekebisha hilo kosa.

Kadi ya gemu iache. Maji yaache pia, mfumo wa maji una pampu inayolia na bado una feni zake kwenye rejeta, yaani unaongeza kitu cha kupiga kelele alafu unalipia zaidi. Kompyuta inavuma kwasababu feni inazunguka, feni inazunguka kwasababu kuna joto, na joto linatokana na wati ambazo mashine inakula. Ukiishika hiyo, swali linabadilika. Usitafute feni gani iko kimya, tafuta mashine gani itaplei muvi zako kwa wati chache, ukiipata hiyo kelele inakuwa imekwisha kwa sehemu kubwa hata kabla hujagusa feni.

Sasa muvi ikiwa kwenye faili imebanwa, na kuplei maana yake ni kuifungua papo kwa papo, fremu baada ya fremu. Hiyo kazi ina njia mbili. Ya kwanza prosesa inafungua yenyewe kwa programu, kori zake zote, yaani vitengo vya kufanyia kazi ndani yake, zinafanya kazi kama zinabeba mawe, joto linapanda, feni inapiga. Ya pili ni kwamba ndani ya chipu kuna kipande kidogo kilichotengenezwa kwa kazi hiyohiyo tu ya kufungua vidio, na hicho kinaifanya kwa wati chache mno huku kori zimelala. Intel walianza kuweka kipande hicho mwaka 2011 wakakiita Quick Sync, AMD na Nvidia nao wana vyao. Tofauti ya njia hizi mbili ndo tofauti ya sebule yenye mvumo na sebule iliyotulia, na muvi ni ileile.

Tatizo ni kwamba hicho kipande hakijui kila aina ya ubanaji, kinajua zile tu zilizokuwepo wakati kinatengenezwa. Muvi za HD nyingi zimebanwa kwa H.264 na hiyo karibu kila chipu inaijua. Muvi za 4K karibu zote ni HEVC, na zile zenye HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, ni HEVC ya biti 10, hapo ndo watu wengi wanakwama. YouTube kwenye 4K wanatumia VP9 na sikuhizi AV1. Kwa upande wa prosesa za Intel, kizazi cha 6 kinafungua HEVC ya biti 8 vizuri lakini ya biti 10 hakiiwezi kikamilifu, kizazi cha 7 ndo cha kwanza kufungua ya biti 10 na VP9 bila shida, na AV1 inaanzia kizazi cha 11. Kwa AMD, zile Ryzen zenye herufi G kuanzia 2200G na 2400G za mwaka 2018 zinafungua HEVC ya biti 10 na VP9, ila kuwa makini, 5600G pamoja na upya wake wote haina AV1.

Hapa nikwambie kilichonikuta. Nilinunua mashine iliyotumika kwasababu tu tangazo lilisema i7, nikaona i7 ni kubwa kuliko i5 na i3 basi nimelamba dume. Ilikuwa i7 ya kizazi cha 4. Muvi ya HD ilienda kama maji, nikafurahi, siku ya pili nikaweka ya 4K, kori zote zikafika juu kabisa, picha ikawa inagandaganda na feni ikalia kama dryer ya saluni. I3 ya kizazi cha 8 ambayo kila mtu anaidharau ingeiplei faili ileile ikiwa imetulia tuli. Kwahiyo kwenye hii kazi neno i3, i5 au i7 halikuambii kitu, angalia namba inayofuata baada ya kistari: i5-6500T ni kizazi cha 6, i5-8500T ni cha 8, i5-10500T ni cha 10. Wauzaji wanaita jenereshini, usione haya kuwauliza.

Na kabla ya kununua chochote jua muvi zako ni za aina gani. Weka programu ya MediaInfo, ni ya bure, fungua faili kama kumi za kwenye hiyo diski yako uone zimeandikwa AVC, yaani H.264, au HEVC, na kwenye HEVC angalia biti ni 8 au 10. Kama zote ni H.264 za HD basi huenda hata hauhitaji mashine mpya, desktopu yako inatosha na tutaitengeneza, ntafika huko.

Kama una 4K basi ushauri wangu ni mmoja na nausimamia: tafuta kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika. Dell wanaita OptiPlex Micro, Lenovo wanaita ThinkCentre Tiny, HP wana EliteDesk Mini na ProDesk Mini. Ni kiboksi cha karibu lita moja, ukubwa wa kitabu kinene. Ofisi zinazinunua kwa mamia, baada ya miaka kadhaa zinabadilisha zote kwa mpigo, ndo maana zinapatikana nyingi na bei inakuwa nafuu kuliko kununua vipande kimoja kimoja. Chukua yenye kizazi cha 8 na prosesa yenye herufi T mwishoni, mfano i3-8100T au i5-8500T, T maana yake imepunguzwa iwe ya wati 35, na ukiwa unaplei muvi mashine nzima inakula wati kumi na kitu hivi. Alafu pawa yake inatoka kwenye adapta ya nje kama ya laptopu, maana yake hakuna feni ya pawa saplai kabisa, umeshaondoa chanzo kimoja cha kelele kabla hujaanza.

Kwanini nasema cha 8 wakati cha 7 nacho kinafungua HEVC ya biti 10? Kwasababu ya Windows. Windows 11 rasmi kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama unajua hutaweka Windows, utaweka LibreELEC ambayo ni Linux ndogo, mfumo wa bure badala ya Windows, inayowaka moja kwa moja ikiwa na Kodi, programu ya kuplei muvi, basi cha 7 kinakutosha kabisa na utaokoa hela kidogo.

Sasa kuna mtego kwenye hivi viboksi, usome vizuri maana nimeona watu wengi wanarudisha mashine nzima wakidhani ni mbovu. Grafiki ya Intel ya kizazi cha 8 kwa asili yake HDMI inayotoa ni 1.4, na HDMI 1.4 kwenye 4K inaishia Hz 30, yaani picha 30 kwa sekunde. Baadhi ya watengenezaji waliongeza chipu pembeni ili ifike HDMI 2.0, wengine hawakuongeza, na viboksi vingi vya ofisini vina DisplayPort tu nyuma, tundu lingine la picha lisilo HDMI. Muvi yenyewe ni fremu 24 kwa sekunde kwahiyo Hz 30 haziiui, ila menyu inakuwa nzito, mshale wa mausi unaburuza, na HDR huipati. Dawa yake ni adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI 2.0 iliyo aktivu, yaani yenye chipu ndani inayobadilisha mawimbi, sio ile ya kawaida inayopitisha tu, ile ya kawaida nayo inakwamia hapohapo kwenye Hz 30. Iwe imeandikwa wazi 4K Hz 60, na kama TV yako ina HDR iwe imeandikwa inapitisha HDR. Hela ya adapta ihesabu kwenye bajeti toka mwanzo.

Ukiwa na uwezo wa kununua kipya, angalia viboksi vyenye Intel N100. Ni chipu ya 2023, kori nne ndogo, imepangiwa wati 6 ingawa watengenezaji wengi wanairuhusu itumie zaidi ya hapo, na inafungua AV1 pamoja na zingine zote. Kuna vya N100 visivyo na feni kabisa, kasha lenyewe ndo hitisinki, yaani chuma cha kutawanya joto. Vinavutia na mi navipenda, ila kiboksi kisicho na feni ukikifungia kwenye kabati la TV lisilopumua kitajipika chenyewe, kinahitaji hewa kuliko chenye feni. Kama hutazami sana YouTube ya 4K basi AV1 isikunyime usingizi, AV1 ya HD prosesa ya kori nne za kizazi cha 8 inaifungua kwa programu bila kuhema.

Kiboksi kilichotumika kikifika usikichomeke tu ukakaa. Kifungue. Kina feni moja ndogo ya bloa, na feni ndogo ili isukume hewa ya kutosha lazima izunguke haraka, na mlio wake ni mwembamba wa kuchoma masikio. Ndani utakuta vumbi limejaa kati ya mapezi ya hitisinki, limeshikana kama blanketi, na pesti ya kati ya prosesa na hitisinki imekauka imekuwa kama chokaa. Safisha vumbi kwa brashi laini, shika feni isizunguke wakati unapuliza, futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya tone la ukubwa wa punje ya mchele katikati, rudisha skrubu kwa kupokezana pembe kwa pembe. Ya kwangu nilipofanya hivyo sauti yake ilibadilika hadi nikadhani nimesahau kuchomeka waya wa feni, nikaweka mkono nyuma nikasikia hewa ya uvuguvugu inatoka. Kazi ya nusu saa na tyubu moja ya pesti.

Turudi kwenye desktopu yako maana huenda inaokolewa. Usiku watu wamelala, zima TV, zima kila kitu, acha kompyuta tu. Chukua karatasi ngumu au gazeti, liviringishe liwe kama bomba, upande mmoja weka sikioni na upande mwingine tembeza nje ya kasha lililofungwa: karibu na feni ya nyuma, karibu na pawa saplai, karibu na diski, ubavuni ilipo feni ya prosesa. Utashangaa, ule mvumo uliokuwa unausikia kama kitu kimoja unagawanyika, huku kuna mngurumo mzito, huku kuna upepo, huku kuna mlio mwembamba. Mara nyingi mkosaji ni mmoja anayewafunika wengine, na ukinunua bila kumjua utabadilisha vitu vinne ambavyo havina hatia.

Akiwa ni feni, kuna hesabu moja nataka uijue. Feni ukiipunguza mwendo hadi nusu, hewa inayosukuma inapungua nusu, lakini kelele inashuka kwa karibu desibeli 15, na sikio la mtu linahisi kila desibeli 10 kama sauti imepungua mara mbili. Upande mwingine ukiweka feni mbili zinazofanana badala ya moja, kelele inapanda desibeli 3 tu. Sasa unganisha: feni moja ya mizunguko 1200 kwa dakika ukiitoa ukaweka mbili za aina ileile kwa mizunguko 600, hewa inabaki karibu ileile na kelele inakuwa chini kwa desibeli kama 12. Ndo maana feni kubwa za milimita 120 au 140 zinazozunguka taratibu zinashinda kifeni kidogo kinachokimbia, na ndo maana sehemu ya kwanza ya kuweka hela kwenye desktopu ni kuitoa ile feni ndogo iliyokuja na prosesa, weka kipozeo kirefu chenye feni ya 120. Sio lazima kiwe cha bei mbaya, kwa prosesa ya wati 65 kile cha mnara cha daraja la kawaida kinatosha sana. Pima tu urefu wake na upana wa kasha lako kabla, wengi wanajikuta ubavu wa kasha haufungi.

Chukua feni zenye waya nne, hizo mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inaweza kuziongoza vizuri mwendo. Kisha ingia bayosi, ile menyu ya seti za mashine unayoifungua inapowaka, tafuta sehemu ya feni, na hapa kuna siri ambayo haigharimu kitu: sikio linasamehe mvumo mdogo usiobadilika, baada ya dakika tano ubongo unausahau, lakini haliwezi kuvumilia feni inayopanda na kushuka kila sekunde kumi. Mashine nyingi zinakuja zimepangwa hivyo, joto likiruka digrii tano feni inaruka nayo. Panga mstari wa mwendo wa feni uwe wa chini na ulionyooka mpaka digrii 60 au 65 ndo uanze kupanda taratibu, na kama kuna sehemu ya kuchelewesha feni isijibu papo hapo weka sekunde kadhaa. Usiogope kuona prosesa ina digrii 65, chipu nyingi za Intel zinajipunguza zenyewe zikikaribia 100, hapo katikati hamna kinachoungua. Watu wanaipoza prosesa ifike digrii 40 kama wanaihurumia, alafu wanashangaa mbona inavuma.

Pawa saplai ikiwa ndo mkosaji, usiifungue. Ndani kuna kapasita zinazobaki na chaji hata ikiwa imechomolewa, sio kitu cha kujaribia. Badilisha nzima, na usidanganywe na namba kubwa, mashine isiyo na kadi ya gemu ikiplei muvi haimalizi hata wati 100 kwahiyo ya wati 300 hadi 450 ya kampuni inayoeleweka inakutosha, bora uweke hela kwenye ubora kuliko kwenye wati. Kuna zile ambazo feni yake inasimama kabisa mzigo ukiwa mdogo, ukiipata hiyo ni tamu. Kitu ambacho siwezi kukubali ubane hela ni hapa, pawa saplai ya ovyo ikifa inaweza kuondoka na mazabodi na diski yenye muvi zako zote.

Kuhusu kasha, wanauza yenye sponji ndani za kunyonya sauti. Mi sizipendi kwa mashine ya namna hii. Sponji inabana hewa, hewa ikibanwa feni inaongeza mwendo, unalipia kuziba kelele uliyoitengeneza mwenyewe.

Sasa diski, na hii nakusisitizia kwasababu umesema una ya TB 4. SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka kwahiyo haina sauti, weka SSD ndogo ya GB 120 au 240 kwa ajili ya mfumo, na mashine itaamka haraka pia. Muvi ziache kwenye hadi diski, hakuna sababu ya kununua SSD ya TB 4 kwa bajeti yako. Ila hadi diski ina sauti mbili, kuna ile ya kichwa kinapotafuta data, kama mtu anakuna kuni, na kuna mtetemo wa sahani zinazozunguka. Huo wa pili ni mjanja. Nilihangaika wiki nzima na mvumo mzito sebuleni, nikabadilisha feni, haukuondoka. Siku moja nikanyanyua diski ya nje kutoka kwenye stendi ya TV ili nipanguse vumbi, na mvumo ukakatika palepale. Nikaishusha, ukarudi. Nikainyanyua, ukakatika. Stendi ya mbao ilikuwa inaitikia mtetemo wa diski kama ngoma inavyoitikia mkono, diski yenyewe hewani ilikuwa karibu haisikiki. Nikakata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo nikaiweka juu yake, mambo yakaisha. Kwahiyo kabla ya kila kitu, leo hiihii, nyanyua hiyo diski yako kwa mkono taratibu wakati inazunguka na usiigeuzegeuze, sikiliza. Ukiiwekea sponji usiizibe pande, nayo inahitaji kupumua.

Suluhisho bora zaidi ni kuitoa chumbani. Rauta nyingi zina tundu la USB la kuchomekea diski, au ile desktopu yako ya zamani iwe stoo inahifadhi muvi na kiboksi kidogo kiwe sebuleni kinazivuta kwa mtandao. Hapo kuna namba ya kukumbuka, muvi ya diski ya Blu-ray ya 4K inaweza kufika megabiti 128 kwa sekunde, na waya au swichi ya mtandao ya zamani inaishia 100, kwahiyo hizo faili kubwa zitakwama sehemu zenye vurugu. Mtandao wa gigabiti haukwami. Waifai ya 5 GHz mara nyingi inaweza kama rauta haiko mbali, lakini waya ni waya. Tundu la USB la rauta lenyewe pia lijaribu kwanza kwa faili yako kubwa kuliko zote, rauta zingine zinasoma diski polepole sana.

RAM ni GB 8, basi, na ikiwezekana iwe vipande viwili vya 4 kuliko kimoja cha 8, kwasababu grafiki ya ndani inakula RAM hiyohiyo na vipande viwili vinaipa njia pana.

Programu. Mi ningeweka LibreELEC kwenye flashi kwanza nijaribu bila kugusa Windows, ukiipenda unaihamishia kwenye SSD. Kwenye Kodi washa seti ya kubadilisha Hz za TV zifuate muvi, maana muvi nyingi ni fremu 23.976 na TV ikibaki kwenye 60 kamera ikizunguka utaona picha inashtukashtuka, watu wanadhani mashine ni dhaifu kumbe ni seti tu. Muvi ikiwa inaplei bonyeza O kwenye kibodi, yatatokea maelezo ya muvi, uone pameandikwa HW kwenye dekoda. Isipokuwepo maana yake prosesa ndo inafungua na feni itakwambia muda si mrefu. Kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya GPU, uangalie mstari wa Video Decode kama unapanda.

Huduma za kulipia kama Netflix kwa 4K usizitegemee kwenye Linux, zinadai Windows pamoja na HDCP 2.2, ulinzi wa kuzuia kunakili, kuanzia mashine hadi TV. Ushauri wangu, TV yako ya 4K kama ina app yake itumie hiyo kwa hizo huduma, kompyuta ifanye kazi ya muvi zako.

Saundibaa kama ina tundu la HDMI la kuingizia na inapitisha 4K, pitisha kompyuta kwenye saundibaa kwanza alafu ndo TV. Ukipitisha kwenye TV kwanza kisha urudishe kwa ARC ya kawaida, ile njia ya TV kurudisha sauti kwenye saundibaa kwa waya wa HDMI, sauti za Dolby TrueHD na DTS-HD hazifiki zikiwa kamili, eARC, toleo lake jipya, ndo inazibeba. Washa pia sauti ipite bila kufunguliwa kwenye seti za Kodi, ila weka alama kwenye aina ambazo saundibaa yako kweli inazijua, vinginevyo utapata kimya.

Rimoti: kompyuta nyingi hazitumi amri za CEC kwenye HDMI kwahiyo rimoti ya TV haitaiongoza bila kifaa cha ziada. FLIRC ni kidude cha USB unachokifundisha rimoti yoyote ya infraredi, kinafanya kazi vizuri. Kibodi ndogo isiyo na waya yenye padi ya kugusa ni nafuu zaidi, na ikiwa inakatakata usiitupe, matundu ya USB 3.0 yanatoa mawimbi yanayogongana na 2.4 GHz ya kibodi, chomeka kipokezi chake kwenye tundu la USB 2.0 au kwa waya wa kurefusha kiwe mbali na diski.

Kwahiyo mpangilio kwako ni huu: leo nyanyua diski usikilize, kesho gazeti na sikio, na MediaInfo kwenye faili zako. Zikiwa H.264 tupu, nunua kipozeo cha 120 kama mkosaji ni feni ya prosesa, na SSD ndogo, panga feni bayosi, umemaliza. Zikiwa na HEVC ya biti 10, usiweke hata senti kwenye desktopu, hela yote iende kwenye kiboksi cha kizazi cha 8, adapta aktivu na tyubu ya pesti. Ukiona tangazo limeandika i5 tu bila namba nyuma yake, muombe muuzaji picha ya ukurasa wa System wenye jina kamili la prosesa, na picha ya matundu ya nyuma, na uulize kama adapta ya pawa inakuja nayo, maana vile viboksi vingine vinakataa adapta isiyo ya kampuni yake. Asipotuma, tafuta tangazo lingine, vipo vingi.